Mkwe Aliyeonekana Nyuma ya Jiko

Siku ya kwanza utakapokikalia kile kiti cha katibu wa baraza, kijana wangu, ulimi utakuwasha kumuuliza shahidi swali moja: "Ulimwona?" Limeze swali hilo. Shahidi atajibu ndiyo, atajibu upesi, tena kwa moyo mweupe, na huenda hakuona kitu. Mimi nimekuwa katibu wa baraza la kata moja ya huku Kyela tangu nikiwa mama mwenye mtoto mgongoni mpaka nikawa bibi, na waliokuja kutudanganya kwa makusudi walikuwa wachache kuliko mnavyodhani. Mwongo hasumbui sana. Anachoka, anasahau alichosema asubuhi, anatokwa jasho. Anayelitesa baraza ni mtu mwema anayekumbuka vizuri kabisa jambo ambalo halikutokea.

Nimestaafu sasa. Nina migomba yangu, kokoa kidogo, na magoti yanayonitangazia mvua kabla ya redio. Nasikia siku hizi baraza ni la kusuluhisha tu, hukumu zimepelekwa juu, na ninyi mnapelekwa semina kwenye kumbi zenye feni na maji ya chupa. Vizuri sana. Lakini kusuluhisha ni kuwasikiliza watu wanaokumbuka, na kumbukumbu ni zile zile, feni haikuzibadilisha. Ndiyo maana nimeona niwasimulie.

Sisi mwalimu wetu alikuwa mzee Ipyana, mwenyekiti wa baraza, seremala wa milango na majeneza. Alikuwa mkavu, hacheki ovyo, na mikono yake ilinuka vanishi hata siku za vikao. Kila shahidi akianza kutiririka maneno, mzee alikuwa anainua kiganja: "Usinisimulie. Nionyeshe." Basi mtu mzima anasimama mbele ya baraza, anaanza kuonyesha alivyokuwa amesimama, ameshika nini, ameelekea wapi. Wengi waliona aibu. Wengine walikuwa wanafika katikati ya kuonyesha, wanaduwaa.

Ngoja niwape cha kucheka kwanza, maana kile kingine hakichekeshi. Palitokea ugomvi kwenye mashine ya kukobolea mpunga, shati la mkulima mmoja likachanika na jino likamtoka, akaja kudai haki yake. Mashahidi wote walisema mkulima alipigana na muuza pombe, na mwinjilisti wa kanisa la jirani ndiye aliyewaamua. Mkulima mwenyewe alisema hajui ngumi ilitoka wapi. Muuza pombe akabisha mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyemsikiliza. Mwinjilisti alikaa kwenye benchi, Biblia mapajani, kimya. Mzee Ipyana akamwita shahidi mmoja, mwendesha mashine. "Nionyeshe mwinjilisti alivyowaamua." Yule bwana akasimama, akanyoosha mikono kama anayetenganisha watu, halafu mkono wa kulia ukajikunja wenyewe ukawa ngumi. Akauangalia. Akaangalia benchi. "Samahani, mwenyekiti," akasema, "mwinjilisti ndiye alikuwa anapiga." Na aliyewaamua ni muuza pombe! Mzee akamgeukia mwinjilisti kumuuliza kwa nini amekaa kimya muda wote ule. "Nilikuwa nangoja mtu akumbuke," akajibu.

Tulicheka, lakini mzee Ipyana hakucheka. Baada ya kikao aliniambia: "Umeona? Kichwani mwa watu mwinjilisti ana kazi yake na muuza pombe ana yake. Jicho likiona kinyume, kichwa kinakuja kurekebisha baadaye, polepole, wala hakimwombi mwenyewe ruhusa."

Tulijifunza na mengine kwa kukosea. Masika moja mvua ilitupiga, tukawaacha mashahidi wa kesi ya mbuzi wajibanze wote kwenye kibaraza kimoja cha ofisi. Mbuzi yule alipofika kibarazani alikuwa na rangi tatu. Mvua ilipokatika na mashahidi wakaanza kuingia mmoja mmoja, mbuzi alikuwa na rangi moja tu, na kila mmoja aliapa hiyo ndiyo aliyoiona. Tangu hapo, hata inyeshe vipi, mmoja tulimweka stoo, mwingine kwa mtendaji, mwingine kwenye mgahawa wa chai. Na kila shahidi nilimwanzisha na habari zake mwenyewe: ulitoka wapi, ulibeba nini, ulikanyaga tope au pakavu. Mtu hana sababu ya kupamba habari za miguu yake. Akishazama kwenye miguu yake, macho nayo yanaanza kusema kweli.

Sasa nije kwenye kesi iliyonifanya niandike.

Wengi wenu mnaijua mila hii, ila wapo mliotumwa huku kutoka mikoa mingine, kwa hiyo nitaieleza. Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Akisikia anakuja njiani, anaacha njia, anaingia migombani, anachuchumaa na kujifunika kitenge mpaka apite. Haingii alimo, hazungumzi naye, hamtaji jina. Na wazee wa rika la baba mkwe nao ni wakwe zake, anawakwepa vile vile. Siku hizi imelegea, nawaona mabinti wakipiga picha na wakwe zao kwenye harusi, wamekumbatiana, na sina ugomvi nao. Mimi baba mkwe wangu niliiona sura yake vizuri siku alipolazwa kwenye jeneza. Nikakuta ana kidevu kile kile cha mwanangu wa pili. Nililia mpaka wakanishika, wakadhani namlilia marehemu. Nilikuwa naililia ile miaka yote ya kuishi naye uwanja mmoja bila kumjua.

Basi palikuwa na mzee mmoja, nitamwita mzee Anyosisye, aliyepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, akawa anasema kwa shida. Mkewe alishatangulia, na mabinti zake wameolewa mbali, wawili ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Watoto wake wa kiume walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa amefariki, akaacha mjane, Tusekile, na watoto watatu. Wa pili, Ambakisye, alikuwa na biashara ya ndizi na mchele pale Kasumulu, anaondoka alfajiri anarudi jioni. Mkewe Ambakisye alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Kwa hiyo pale nyumbani, mchana kutwa, alikuwepo mzee kitandani, Tusekile na watoto wake wadogo.

Mzee alikufa asubuhi moja, kabla ya saa ya chakula. Msiba ulipokwisha, Tusekile akasema kwamba asubuhi ile mzee alimwambia shamba la kokoa la kando ya kijito, lile alilolipanda marehemu mumewe, libaki kwa watoto wake. Ambakisye akasema haiwezekani. Wakaja kwetu.

Msimfikirie vibaya Ambakisye. Hakuwa mroho. Kilichomuuma, na alikisema mbele yetu, ni shemeji yake kumwekea marehemu maneno mdomoni. "Baba angemwambiaje?" aliuliza. "Shemeji hakuwahi kuingia chumbani kwa baba. Hata siku moja. Asubuhi ile sikwenda Kasumulu, nilikuwa sebuleni, na yeye alikuwa nje, nyuma ya jiko, amechuchumaa. Namwona mpaka sasa."

Jirani yao, mama Tumpe, mwanamke mcha Mungu, asiyechukua hata kuni ya mtu, alisema vile vile. Alifika asubuhi ile na uji wa mgonjwa. "Nilimkuta nyuma ya jiko, kuku wanachakura, amejifunika kitenge cha kijani chenye picha za tausi. Nikamsalimia, mugonile, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikasema moyoni, huyu binti amefundwa." Wakaja na wengine. Wote walimwona nje, na wote walimsifu. Ndilo jambo lililoniumiza katika kesi hii: hakuna aliyemsema vibaya. Walimnyang'anya shamba kwa kumsifia heshima yake.

Na Tusekile alitoaje ushahidi? Amekaa chini, uso umeelekea ukutani, mgongo kwa baraza. Mzee Ipyana alikuwa rika moja na marehemu, kwa hiyo kwa Tusekile naye ni mkwe. Swali lilitoka kwa mzee, likaja kwangu, mimi nikampelekea yeye, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, ingawa wote tuko chumba kimoja na wote tunasikia. Mgeni angecheka. Sisi hakuna aliyecheka. Nitawaambia ukweli, hata mimi, nikiutazama mgongo ule uliokunjamana, sikuweza kumpata Tusekile ndani ya chumba cha mzee. Kila nilipojaribu, picha iliyokuja ni ya mwanamke nyuma ya jiko, na mimi sikuwepo siku hiyo.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa. Tusekile alijua fika kinachoelekea. Asiposadikiwa, atabaki na ile nyumba ya mumewe na hisani ya watu, watoto watatu wakikua kwa kuomba kipande cha kulima kwenye ardhi aliyoilima baba yao.

Siku chache baadaye alikuja kwangu. Nilikuwa naanika kokoa kwenye mkeka, nageuza mbegu kwa mikono. Alichuchumaa pembeni akaanza kunisaidia bila kuambiwa.

"Dada katibu," akasema mwishowe, "naomba mfute ile kesi."

"Amekutisha mtu?"

"Hapana. Ila nadhani kweli nilikuwa nje."

Mikono yangu ilisimama.

"Kila ninayekutana naye ananiambia," akasema. "Kisimani, kanisani. Wananiambia kwa upole, mama, mbona tulikuona. Mwanzo nilikuwa nabisha. Sasa nikilala najiona pale. Naiona migomba, nawaona kuku wanachakura majivu. Nasikia mama Tumpe ananisalimia. Nikitafuta chumba cha tata mkwe, sikioni vizuri tena. Pengine niliota kwamba aliniambia. Pengine nilitaka sana shamba mpaka nikasikia maneno."

Vijana wangu, nimeona watu wakinyang'anywa ng'ombe, viwanja, wake. Sijaona mtu aliyenyang'anywa kitu kama kile. Nilimwonea huruma mpaka nikahisi hasira kifuani, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumpelekea, maana hakuna mwizi.

Hapa ndipo mnapotakiwa kuwa makini kuliko mahali pengine popote. Moyo wangu ulitaka kumwambia: hapana mama, ulikuwa ndani, kaza roho. Lakini ningemwambia hivyo, ningekuwa nimemwekea kumbukumbu yangu juu ya zile za majirani, na baada ya hapo asingejua tena ipi ni yake. Nikaendelea kugeuza kokoa. Nikamuuliza kitu kingine kabisa.

"Maji ya kumwogeshea mgonjwa yalikuwa yanachemshwa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Nani anayabeba?"

"Mimi."

"Unayafikisha wapi?"

Alikuwa ameinua mikono yake miwili, viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu kizito kinachoweza kumwagika. Akaitazama hiyo mikono. Machozi yakaanza kumtoka, bila sauti.

"Dada," akanong'ona, "nikisema nilimgusa, nitakaa wapi na aibu hiyo?"

Hapo nikaelewa kwa nini hakuwahi kueleza mbele ya baraza. Alisema tu kwamba mzee alimwambia, basi. Kueleza jinsi alivyokuwa ndani ilikuwa kusema kwamba alimwona baba mkwe wake bila nguo, akamwosha, akamgeuza. Kwa mwanamke wa malezi yake, afadhali aitwe mwongo. Na kimya kile ndicho kilichowapa majirani nafasi ya kumweka nje.

Sikumshauri. Nilimwambia kesi ni yake, na mdomo ni wake. Nilimweleza mzee Ipyana tu kwamba kwenye kikao kijacho aanze na kuonyesha, kabla ya kusimulia. Mzee hakuniuliza sababu. Alipendekeza wanaume watoke nje, wajumbe wanawake wamsikilize peke yao. Nilipompelekea Tusekile pendekezo hilo alikataa. "Wakitoka," alisema, "watasema ninyi wanawake mlinifundisha maneno."

Kikao cha pili watu walijaa mpaka madirishani. Mama Tumpe alirudia ushahidi wake, na safari hii uji ulikuwa wa moto zaidi na kuku walikuwa wengi zaidi. Nilimwuliza kuhusu kitenge, jinsi kilivyo kizuri, na kama anajua kilinunuliwa wapi. Akachangamka. "Si dada yake aliyemletea kutoka Kasumulu! Mimi mwenyewe nilimuuliza yule dada bei, siku ile tunapika kwenye msi..." Akashika mdomo. Kitenge kililetwa msibani, mzee akiwa ameshazikwa. Mama Tumpe alimwona Tusekile nyuma ya jiko, ndiyo, alimwona siku za matanga, uwanja ukiwa umejaa wazee wa rika la mkwe wake. Kichwa chake kilimchukua kikampeleka kwenye asubuhi ambayo hakuwepo pale. Alikaa chini amechanganyikiwa, na nilimwonea huruma naye. "Lakini nilimwona," alikuwa anajisemea. "Lakini nilimwona."

Hilo halikutosha. Ambakisye alikuwa bado na lake, na yeye alikuwa ndani ya nyumba ile.

Mzee Ipyana akaomba mkeka. Ukatandikwa chini. Akavua koti, akavua viatu, akajilaza chali katikati ya baraza, mwenyekiti mzima, mvi zake kwenye sakafu ya saruji. Watu wakanong'ona. Akalegeza upande wa kulia kama mgonjwa. "Ambakisye," akasema akitazama dari, "mimi ndiye baba yako. Nimelala siku nyingi, nina kidonda mgongoni. Nigeuze."

Ambakisye akapiga magoti. Alinyoosha mikono, akairudisha, akainyoosha tena. "Nakushika mkono huu wa kushoto," akasema, "halafu nakuvuta."

"Asiushike huo!"

Ilikuwa sauti ya Tusekile. Alikuwa bado ameelekea ukuta, hakugeuka, na wala hakungoja nimpelekee maneno. Katika miaka yangu yote barazani sikuwahi kusikia mwanamke anapaza sauti hivyo mbele ya wakwe.

"Huo ndio mzima, na bega lake lilikuwa linauma," akasema. "Ukiuvuta analia. Unapitisha mkono chini ya magoti, na mwingine chini ya mabega, unamwegemeza kifuani kwako. Na huo wa kushoto unauacha, maana ndio aliokuwa anagongea."

Ambakisye alibaki amepiga magoti. "Nani amekwambia habari ya kugonga?"

Mimi nikamwuliza Ambakisye, taratibu, kugonga gani.

"Ubao wa kitanda," akajibu Ambakisye, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwa ukucha. Akitaka maji. Jioni nikiwa sebuleni nilikuwa nasikia. Ko, ko, ko. Sikumwambia mtu. Hakuna mwingine aliyekuwa anakaa pale."

"Halafu?" akauliza mzee Ipyana kutoka sakafuni.

"Halafu kunanyamaza."

"Ulikuwa unaingia?"

Nje kuna mtu alikohoa, akanyamazishwa. "Sikuwa naingia," akasema. "Nilikuwa naogopa, mzee. Baba alikuwa mtu wa nguvu. Nilikuwa sitaki kumwona vile."

"Basi nani alikuwa anamnyamazisha?"

Tusekile ndiye aliyejibu, akiuambia ukuta. Alisema yote. Alisema Ambakisye ndiye aliyemfungulia mlango mara ya kwanza, akamwambia, pita shemeji, mimi siwezi, akatoka uwanjani. Alisema mwanzo alikuwa anaosha akiwa amegeuza uso, anapapasa, mpaka alipoona kidonda kinaharibika akalazimika kutazama. "Na tata alikuwa anafumba macho," akasema. "Kila nilipoingia alifumba macho, ili heshima ibaki. Hakuniona hata mara moja. Asubuhi ile alifumba macho, akageuza uso ukutani, akauambia ukuta habari ya shamba. Mimi nilikuwa nyuma yake, nasikia."

Mama Tumpe alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, wala sikuandika kitu.

Mzee Ipyana aliinuka polepole, akakaa kwenye mkeka. Hakumtazama Tusekile. Alimwambia Ambakisye, kwa sauti ya chini: "Unakumbuka ulimfungulia mlango?"

Nilimwona akitafuta. Alifumba macho, akakunja uso, alitafuta kama mtu anayetafuta funguo kwenye maji machafu. Alitaka kukumbuka, hilo naapa. Kisha akafumbua macho.

"Sikumbuki," akasema. "Mpaka sasa hivi, nikifumba macho, namwona nje. Siwezi kusema uongo. Lakini mikono yangu haijui kumgeuza baba, na yake inajua. Kwa hiyo nilichonacho kichwani si kweli, hata kama ndicho ninachokiona." Akamgeukia Tusekile, akauambia ule mgongo: "Shemeji, shamba ni la watoto wa kaka. Ndaga fijo kwa baba." Asante sana, kwa baba. Baraza halikuwa na kazi tena. Mzee Ipyana alivaa viatu vyake, akasahau koti.

Kesi ingeishia hapo, nisingewaandikia. Ningewaachia hiyo kazi ya mikono na miguu mkajifunze wenyewe. Lakini mwaka juzi nilikwenda kumsalimia Tusekile. Watoto wamekua, kokoa inazaa mpaka shinani, na yeye ameanza kuwa na mvi. Tulikaa tunapasua maganda, tukimpa mjukuu wake anyonye ile nyama tamu ya mbegu. Nikamuuliza kama aibu ile ilimfuata.

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Akaniambia kwamba kijiji kizima sasa kinamkumbuka akiingia kwa mzee. Mama Tumpe anawasimulia mabinti wanaoolewa jinsi alivyomkuta mlangoni asubuhi ile, amebeba beseni la maji ya moto, mvuke unapanda, na jinsi alivyomwambia, kaza moyo binti yangu. Kisimani wanamwonyesha: yule ndiye tuliyemwona akimuuguza mkwe. Kila mtu alimwona. Wengine, waliokuwa Mbeya mwaka ule, walimwona.

"Wananisifu," akasema, "na sina mahali pa kujificha. Walinitoa nje, sasa wameniingiza ndani, na mara zote mbili sikuulizwa."

"Na Ambakisye?"

Aliweka kisu chini. Alisema Ambakisye huja kila msimu kumsaidia kupogolea, na kila mtu akianza hadithi ile ya beseni, yeye husema wazi mbele ya wote: mimi sikumwona, mimi namkumbuka nyuma ya jiko. Watu humkasirikia. Wanasema bado ana kinyongo cha shamba.

"Hao wote walioniona, dada, siku wakigeuka tena watanitoa tena," akasema Tusekile. "Shemeji peke yake hakuniona, na alinipa shamba. Nimewaambia wanangu, nikifa, wakitaka kujua mama yao alikuwa wapi asubuhi ile, wakamuulize yeye."